Siku Bi Juu Alipomnyanyua Nundu

Katika karakana kubwa ya kutengenezea vichwa vya treni alikuwapo mwanamke mmoja ambaye wenzake wengi walizijua soli za viatu vyake kuliko uso wake. Kazi yake ilikuwa karibu na paa, ndani ya kijumba cha vioo kilichoning'inia chini ya kreni, mtambo wa kunyanyulia mizigo, na aliyetaka kumsalimu ilibidi akunje shingo mpaka kofia imdondoke. Basi wakamwita Bi Juu. Jina likamganda. Hata msimamizi aliliandika hivyo hivyo kwenye orodha ya zamu, na siku mgeni mmoja kutoka makao makuu alipouliza jina lake halisi, watu saba walitazamana na hakupatikana wa kujibu.

Aliingia pale akiwa msichana wa kufagia. Pamoja na kufagia, alitakiwa kila asubuhi apande ngazi ya chuma, vidato themanini na viwili, akafute vioo vya kreni. Opereta wa enzi hizo alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipokuwa akishusha na kupandisha mizigo alikuwa anamweleza yule binti kila anachokifanya, si kwa nia ya kumfundisha bali kwa sababu huko juu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Ikaendelea hivyo mwaka na nusu. Kisha siku moja tumbo lilimchafuka yule opereta ghafla, akateremka ngazi mbio mbio bila kuaga, na jozi ya magurudumu ikabaki inaning'inia hewani katikati ya karakana. Huko chini watu walipiga kelele, wengine wakakimbia. Binti akaweka kitambaa chake cha kufutia kando, akakaa kwenye kiti, akashika vishikio, akayateremsha yale magurudumu mpaka sakafuni taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Msimamizi wa wakati huo alikuja juu akihema, tayari kumfokea. Akamtazama, akatazama magurudumu, akasema, "Kesho usije na ufagio."

Hiyo ilikuwa miaka ishirini na tisa iliyopita. Tangu hapo Bi Juu alikuwa ameolewa na fundi cherehani mmoja mcheshi, akazaa mabinti wawili ambao sasa walikuwa na nyumba zao, na pale nyumbani wakabaki watatu: yeye, mumewe na mama mkwe.

Mama mkwe hakuielewa kabisa kazi ile. Aliwaambia majirani waziwazi, "Mke wa mwanangu kazi yake ni kukaa. Anaondoka asubuhi, anakwenda kukaa, jioni anarudi amechoka kwa kukaa."

Mume alikuwa anacheka mpaka uzi unamtoka sindanoni. Bi Juu naye alicheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ubishi wa nyumbani hakuupa nafasi.

Mwaka huo, mvua zilipokwisha, ilikuja barua kutoka makao makuu. Vichwa sita vya dizeli, vile vizito vya kuvuta mizigo, vilivyokuwa vimestaafishwa na kuegeshwa kwenye reli ya pembeni nyuma ya karakana, vikatwe viwe chuma chakavu. Magurudumu na mota za kuyazungusha ziondolewe kwanza zitunzwe. Vingine vyote viende kwenye moto wa gesi.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Nundu. Madereva ndio waliompa jina hilo kwa sababu ya kibonge kilichotokeza juu ya paa lake, mahali palipofungwa feni za kupoza injini, na wakamzoea hata wakawa wanamsema kama mtu: Nundu amechoka, Nundu leo hataki kuwaka, Nundu amenitoa jasho. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amevuta saruji, mbolea, mafuta na mahindi. Sasa majani yalikuwa yameota katikati ya magurudumu yake, na kwenye faili lake kulikuwa na sentensi moja iliyommaliza: fremu imepinda, nyuma kushoto imelala vidole viwili.

Sentensi hiyo ilikuwa na uzito wake. Fremu ya kichwa cha treni ndiyo uti wa mgongo. Injini ikifa unaweka nyingine, nyaya zikiungua unazitandaza upya, bati likioza unabandika bati. Lakini fremu ikipinda, hakuna fundi atakayekaa kupoteza muda wake.

Wakamsukuma Nundu mpaka ndani ya karakana. Kumnyanyua kulihitaji kreni mbili, moja mbele na moja nyuma, zikienda sawasawa kama watu wawili waliobeba kitanda. Ya mbele ilikuwa ya Bi Juu. Ya nyuma iliendeshwa na mzee mmoja mpole aliyeitwa Kobe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Chini, katikati yao, alisimama mpiga ishara, bwana mnene mwenye glovu za manjano, ambaye mikono yake ilikuwa inasema kuliko mdomo. Watu walidai kwamba hata nyumbani akitaka chumvi hasemi, anainua kidole.

Mpiga ishara akainua mikono yote miwili. Nyaya zikakaza, chuma kikaguna, na Nundu akaachana na magurudumu yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mafundi wakayasukuma yale magurudumu pembeni, wakapanga vigoda vinne vizito vya chuma, kimoja kila pembe, ili mwili ukalie hapo ukatwe. Mikono ya manjano ikaanza kushuka. Kreni nazo zikashusha.

Hapo ndipo Bi Juu aliposhtuka.

Yeye alikuwa amekwisha kushusha fremu zilizopinda, si moja wala mbili. Alijua zinavyokaa. Pembe tatu hutua, ya nne hubaki inaelea, na waya wa upande huo hugoma kulegea. Unauona umekaza peke yake kama mtu aliyenuna. Nundu hakufanya hivyo. Alikaa kwenye vigoda vyote vinne kwa mpigo mmoja, na nyaya mbili za mbele, wa kushoto na wa kulia, zikalegea pamoja. Bi Juu akatazama nyuma kwenye kreni ya Kobe. Na zake zilikuwa zimelegea sawa.

Hakuamini macho yake. Akampandisha Nundu kidole kimoja tu, Kobe naye akafuata bila kuuliza, wakamshusha tena. Yakawa yale yale.

Huko chini mkata chuma alikuwa ameshavaa miwani yake myeusi na kuchora alama za chaki ubavuni mwa Nundu. Akawasha moto, ukatoa ulimi wa buluu. Bi Juu akabonyeza honi ya kreni mara tatu. Katika karakana ile honi tatu maana yake ni moja tu: kila mtu asimame alipo. Kisha akafungua mlango wa kijumba, akaanza kushuka ngazi.

Karakana nzima ikatoa macho. Bi Juu hakuwahi kushuka katikati ya zamu. Mtu mmoja akauliza kama kuna moto. Mwingine akauliza kama kuna msiba.

Msimamizi, mtu mrefu mwenye haraka ya kila wakati, alimpokea kwenye kidato cha mwisho. "Kuna nini tena, dada? Nani kaumia?"

"Hajaumia mtu, bosi. Ila huyu hajapinda."

"Nani hajapinda?"

"Nundu."

Msimamizi akampa tabasamu la mtu anayeomba subira mbinguni. "Dada yangu, karatasi hii hapa. Imepigwa muhuri. Vidole viwili, nyuma kushoto. Wewe umeona nini huko juu ambacho sisi tulio chini hatujakiona?"

"Sijaona. Nimesikia mkononi."

Watu wakaangua kicheko. Bi Juu alisikia masikio yakimwaka, lakini hakusogea. "Cheka, bosi, si vibaya," alisema. "Ila kabla ya kukata, apimwe tena. Kupima ni nusu saa. Ukishakata huwezi kuunga."

"Na mimi nimesikia," ilitoka sauti nyuma yao. Alikuwa Kobe. Wakati wao wakibishana, yeye alikuwa ameteremka ngazi yake kidato kimoja kimoja, na sasa ndiyo kwanza anafika. "Nyuma kumekaa sawa. Kushoto na kulia. Kama huyu asingesema, ningesema mimi."

"Ungesema lini, mzee?" mkata chuma akauliza. "Kesho kutwa?"

Hapo hata Kobe mwenyewe alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomlainisha msimamizi. Akamtuma mtu amwite mhandisi.

Mhandisi alikuja na pimamaji, kamba na miwani yake iliyokuwa haikai puani. Alikuwa kijana mtaratibu, asiyependa makelele. Hakumuuliza mtu swali. Akavuta kamba toka mwanzo wa fremu mpaka mwisho, akaweka pimamaji pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia. Akalala chini kabisa, shati jeupe na yote, akatazama kutoka uvunguni. Alipoinuka alikuwa na grisi kwenye paji la uso.

"Imenyooka," alisema.

"Na hii karatasi?" msimamizi akaipunga. "Aliyepima mwanzo ni nani?"

Mhandisi akafuta miwani polepole. "Ni mimi."

Kisha akatoka nje, na watu wakamfuata kama wanakwenda kuona ajabu. Alikwenda moja kwa moja kwenye reli ya pembeni, mahali Nundu alipokuwa ameegeshwa, akachuchumaa. Mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, yalikuwa yameoza upande wa kushoto kwa maji ya mvua, na reli yenyewe imezama. Akaweka pimamaji juu yake. Vidole viwili kamili.

"Nilipima reli," alisema mhandisi. "Sikumpima Nundu."

Alikuwa mtu muungwana. Mwingine angetafuta wa kumtupia lawama, lakini yeye alimgeukia Bi Juu mbele ya wote akamwambia, "Shangazi, nakushukuru. Ningemkata mzima." Bi Juu akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye ngazi yake.

Mhandisi aliandika barua, makao makuu wakajibu baada ya wiki tatu: mfufueni huyo mmoja, tuone. Ikaanza kazi ya miezi saba.

Kwanza Nundu alivuliwa kila kitu mpaka akabaki mifupa. Injini yake ya zamani ilitoka nyeusi kama chungu, na walipoifungua wakakuta pistoni mbili zimepasuka. Wote wakashangaa aliwezaje kuvuta mizigo mwaka wake wa mwisho. Nyaya zilitolewa mafungu kwa mafungu. Fremu ikapigwa mchanga kuondoa kutu mpaka ikang'aa, wachomeleaji wakaziba kila ufa, na mafundi umeme, ambao siku zote walijiona watu wa daraja la juu, wakatambaa ndani ya tumbo lake kama panya. Mota za magurudumu zilisukwa upya. Chumba cha dereva kilipewa kiti kipya, dirisha lisilovuja na feni, jambo lililowafanya madereva wazee waanze kupita pale kila siku wakijidai wamepotea njia.

Katika yote hayo Bi Juu ndiye aliyekuwa akitoa na kuweka. Jioni alikuwa anamsimulia mumewe, kitu ambacho hakukizoea, na mumewe akawa anasimamisha cherehani ili asikilize.

"Mnamzungumzia nani huyo kila siku?" mama mkwe aliuliza mara moja. "Huyo Nundu ana mke?"

Injini mpya ilifika kwenye sanduku la mbao kubwa kama chumba. Kuiweka ndani ya Nundu ndiyo ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho: tani kumi na nane zishuke kwenye nafasi ambayo kila upande ilibaki upana wa kidole, na matundu manane ya bolti yakutane na matundu manane. Mhandisi aliomba kazi hiyo ifanywe Jumamosi na familia zikaribishwe kutazama, zikae nyuma ya kamba. Fundi cherehani akaja na mama yake amemshika mkono.

"Yuko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kule, mama."

Bibi akainua uso. Akaona ngazi, akaifuata kwa macho kidato kwa kidato mpaka ikamfikisha kwenye kile kijumba cha vioo. Ndani yake alikaa mke wa mwanawe. Chini ya kijumba hicho, kwenye ndoano, kulikuwa na lichuma lililo kubwa kuliko sebule yao, linakuja taratibu hewani bila kutikisika.

"Wewe!" bibi alimpiga mwanawe kofi mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia anakaa!"

Mikono ya manjano ilikuwa hewani. Kidogo. Kidogo tena. Simama. Kushoto nusu kidole. Watu wote walibana pumzi. Injini ilikuwa imebakiza kama shibiri moja hivi mpiga ishara alipopatwa na chafya. Chafya yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilimtikisa mwili mzima, na mikono yote miwili ikaruka chini kwa nguvu, ishara ambayo kwa kreni maana yake ni shusha haraka.

Injini haikusogea hata unywele.

Mpiga ishara alitazama juu, machozi ya chafya yakimtoka. Bi Juu alimwonyesha kidole kimoja kupitia kioo, akisubiri. Yule bwana akapiga chafya ya pili. Akapiga ya tatu. Kidole bado kilikuwa kimeinuliwa. Alipokwisha kujifuta kwa glovu, kidole kikashuka, kazi ikaendelea. Bolti nane zikaingia, ya mwisho ikasukumwa kwa mkono mtupu, na karakana ikalipuka kwa makofi na vigelegele. Bi Juu aliposhuka, mama mkwe alimshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Mwanangu," alisema, "leo huoshi hata kijiko." Kuanzia siku hiyo majirani walisimuliwa habari nyingine, na kila ilipokuwa inasimuliwa injini iliongezeka tani mbili tatu.

Siku ya majaribio ilifika. Nundu alikuwa amepakwa rangi mpya, kijani iliyokolea na mstari mweupe, na nyuma yake alifungiwa mabehewa ishirini na mawili ya kokoto. Mhandisi alimwambia Bi Juu apande chumba cha dereva pamoja nao. Yeye alisema hana haja, ana kazi. Msimamizi, yule yule mwenye karatasi, akajibu, "Panda, dada. Kreni yako haitakimbia."

Wakaondoka. Injini ilinguruma vizuri, nzito na ya sawasawa, na dereva, aliyekuwa amemwendesha Nundu enzi za uzee wake, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Bi Juu alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Miti, nguzo na vibanda vilikuwa vinamjia usoni.

"Shangazi, unaogopa?" mhandisi akauliza.

"Siogopi. Nimezoea kuvitazama vitu kutoka juu. Huku chini kila kitu kinanifuata mimi."

Kwenye mlima mrefu magurudumu yaliteleza mara moja, taa nyekundu ikawaka, dereva akamwaga mchanga kwenye reli, na Nundu akashika, akapanda mpaka kileleni bila kulalamika. Pale kileleni dereva akapiga honi ya furaha. Tatizo ni kwamba honi iligoma kunyamaza. Akabonyeza, akapiga ngumi, akavuta, wapi! Wakateremka mlima kilomita nne nzima wakilia hivyo hivyo. Mbuzi walitawanyika. Watu walitoka majumbani na sabuni masikioni. Mtoto mmoja alikuwa anakimbia pembeni akishangilia kana kwamba treni imeoa. Ndani ya chumba hakuna aliyesikia neno la mwenzake, na Bi Juu, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akakaa chini. Hatimaye fundi mmoja alipanda juu treni iliposimama, akaigonga valvu inayopitisha upepo wa honi kwa spana mara moja, na dunia ikatulia.

Mhandisi aliandika kwenye ripoti: injini nzuri, breki nzuri, mota nzuri, honi ina bidii kupita kiasi. Wenzake walidhani anatania. Aliipeleka hivyo hivyo makao makuu.

Wale wengine watano waliobaki kwenye reli ya pembeni waliingizwa ndani mmoja mmoja na kupimwa upya juu ya vigoda. Wawili walionekana wamenyooka, wakaandikiwa kufufuliwa. Watatu walikuwa wameoza kweli, fremu zimekatika na kutu imekula mpaka ndani, na hao walikatwa. Bi Juu aliwanyanyua wote. Mkata chuma, kila kabla ya kuwasha moto, sasa alikuwa anatazama kwanza kule juu, na moto aliuwasha baada ya kuona kofia ya Bi Juu imeinama mara moja.

Nundu alirudi kazini mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Asubuhi hiyo wafanyakazi wengi walitoka nje kumsindikiza akipita na mzigo wake wa kwanza, mabehewa thelathini ya mbolea, na dereva akapiga honi mara mbili fupi, salama kabisa. Bi Juu aliisikia. Hakutoka wala hakugeuka, kwa kuwa wakati huo kwenye ndoano yake kulikuwa na mota ya tani tatu, na huko chini mikono ya manjano ilikuwa inamwambia kidogo, kidogo tena.